Daraja Halisomi Kibali

Siku ya kuniaga mliniletea keki yenye picha ya lori. Nilicheka mpaka machozi, maana lori lenyewe mlilichora na magurudumu manne na shehena mpaka angani. Ningelikuta barabarani ningelishusha mzigo wote. Halafu mkaniambia, mama, tuandikie chochote, sisi tuliokuta mizani inayotoa karatasi yenyewe hatujui nyie mlifanyaje. Sasa nimekaa hapa nyumbani Nsemulwa wiki ya tatu, kuku wamechoka kuangaliwa, kwa hiyo naandika. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo mtavikuta kwenye faili langu, na mishahara ya miaka ile mtu akiitaja watu watadhani anaomba msaada.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya tisini. Katavi haikuwa mkoa. Mpanda ilikuwa wilaya tu, na mambo yote makubwa yaliamuliwa Sumbawanga. Nilikuwa na mtoto mmoja, Suzi, na mume aliyekwenda machimboni akasahau njia ya kurudi. Niliomba ukarani kwenye ofisi ya barabara nikitegemea kukaa kivulini nikipiga taipu. Injinia wa wilaya, kijana mrefu aliyependa kuzungumza akiwa amesimama, aliniuliza kama najua kuzidisha. Nikasema najua. Akaniambia basi jiandae, Jumatatu unakwenda kuwa karani wa geti barabara ya Mwese.

Geti lenyewe lilikuwa mti mmoja uliolazwa juu ya mapipa mawili. Pembeni kulikuwa na kibanda cha nyasi, meza yenye miguu mitatu na jiwe, daftari la vibali lenye kaboni, muhuri, na karatasi ya maelekezo iliyogandishwa ukutani kwa ugali, ambayo kila wiki mende waliipunguza kidogo. Malori yalishuka kutoka vijiji vya milimani na mahindi na maharage, yakapita kwangu, halafu baada ya mwendo wa nusu saa kwa mguu yakafika kwenye daraja la mbao la kijito cha Msebele. Ukishavuka Msebele, Mpanda huko mbele, na kituo cha treni.

Kazi yangu ilikuwa kulilinda lile daraja. Kibao chake kiliandikwa tani kumi na tano, yaani lori pamoja na mzigo. Mizani hatukuwa nayo. Maelekezo yalisema uzito wa lori tupu usomwe kwenye kadi yake, mzigo uhesabiwe, na gunia moja la mahindi lichukuliwe kuwa kilo mia. Jumla ikizidi tani kumi na tano, lakini isivuke kumi na sita, dereva alipe ada ya kibali cha uzito uliozidi na apite taratibu, peke yake darajani. Ikivuka hapo, ashushe. Mambo rahisi kabisa. Siku ya kwanza nilipitisha malori manne, nikakagua hesabu zangu mara mbili, zote sawa. Nikaona kumbe nimezaliwa kwa kazi hii.

Siku za wiki nililala kijijini jirani na geti, kwa mama mmoja mkulima tuliyemwita Mama Evaristi. Yeye na mumewe asili yao ni Burundi, walikuja wadogo. Jumamosi nilipanda lori lolote lililokuwa halijazidi uzito nikaenda kumwona Suzi kwa mama yangu, Jumapili jioni nikarudi. Mama Evaristi hakuniuliza kodi hata siku moja. Alichotaka ni kwamba jioni nimsomee barua za mwanawe aliyekuwa seminari, na nisiruke sehemu za salamu.

Aliyenifundisha kazi hakuwa injinia. Alikuwa Mzee Sikazwe, fundi mkuu wa madaraja, Mfipa mfupi mwenye mabega mapana na sauti ndogo. Daraja la Msebele alilijenga yeye na kikosi chake, boriti za mninga alizichagua porini mwenyewe, mti kwa mti. Kila mwezi alikuja na nyundo ndogo, akaingia chini ya daraja, akagonga kila boriti na kuweka sikio. Ubao mzima unalia, alisema, ubao mbovu unakohoa. Siku ya kwanza tuliyokutana alichukua daftari langu, akasoma kibali kimoja toka juu mpaka kwenye muhuri, akanirudishia. Akaniambia karatasi hii nzuri sana, mwanangu, tatizo daraja halisomi kibali. Nilidhani ni wivu wa mtu aliyeishia darasa la nne. Nasema ukweli wangu, nilikuwa na kiburi kidogo, na kuzidisha nilijua.

Ujanja wa madereva niuseme hapa ili nisiurudie, ingawa mwingi niliuona baadaye, mizani ya kubeba ilipokuja, vile vibati vinavyowekwa chini ya magurudumu. Walishusha magunia kabla ya geti na kuyazungusha kwa baiskeli njia ya shambani. Walipanda kwenye kibati kwa gurudumu nusu, nusu lipo kwenye udongo, halafu wakaangalia pembeni kama bwana harusi. Mmoja alibeba magogo mabichi yaliyokatwa juzi akaniapia ni makavu, na magogo yanatoa maji. Mwingine alikuja na madebe ya asali kutoka Ugalla, akanipa moja lenye nyuki wachache ndani ili nisiwe na hamu ya kuhesabu. Hayo yote ni mchezo, na mchezo una raha yake. Ukimwona dereva anahangaika kukudanganya, ujue anaiheshimu kazi yako. Wa kuogopa ni yule asiyehangaika. Anakupa kadi, anasubiri, analipa, anashukuru.

Huyo wangu aliitwa Maduhu. Alikuwa Msukuma, dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini, mtu mpole asiyepiga honi ovyo. Ilikuwa Novemba ya mwaka wangu wa kwanza, mvua za kwanza zimeshanyesha, na wanunuzi wote walikuwa wanakimbizana kuteremsha mahindi kabla barabara haijawa tope. Alifika saa nne asubuhi. Lori tupu kwa kadi ni tani sita. Nikapanda juu, nikahesabu magunia mstari kwa mstari, nikashuka, nikarudia kwa upande wa pili. Magunia mia moja kamili. Mia mara kilo mia ni tani kumi, na sita ni kumi na sita. Tani moja ya ziada, kwenye mpaka wenyewe wa maelekezo. Nikamtoza ada ya tani moja, nikampa risiti, nikagonga muhuri. Maduhu akalipa bila kulalamika, akaniambia asante dada, akaondoka polepole.

Nyie mliokulia kwenye mikoa yetu hii mmeshaliona kosa, na mimi mtoto wa mkulima nilipaswa kuliona kabla ya wote. Kila gunia kati ya yale mia lilikuwa lumbesa. Mnunuzi anakuja na gunia, mkulima analijaza mpaka mdomoni, halafu mnunuzi anachukua kamba na kipande cha gunia jingine, anaushonea mdomo ule kilemba, na kilemba nacho kinajazwa. Linaitwa gunia moja na linalipwa gunia moja. Mama yangu mzazi alilia na lumbesa kila msimu tangu mimi nasoma shule ya msingi. Nilisaidia kushona vilemba hivyo kwa mikono yangu, vidole vikatoka malengelenge. Nyumbani lumbesa niliichukia, kazini nikaiandika kilo mia, kwa sababu karatasi iliyogandishwa na ugali ilisema gunia ni kilo mia. Nilipanda juu ya lile lori, nikakanyaga vile vilemba kwa miguu yangu, nikahesabu.

Haikupita saa nzima, utingo wa Maduhu akarudi mbio, amelowa mpaka kiunoni. Boriti ya kati ya daraja ilikuwa imekatika. Lori liliketi majini kwa nyuma, kichwa kikiangalia mbinguni, magunia mengine yamo kijitoni. Namshukuru Mungu yeye na Maduhu walitokea dirishani na michubuko tu. Nilipofika nikakuta Maduhu amekaa ukingoni anakamua shati. Nikamwuliza ameumia, akasema hapana. Sikumwuliza kingine. Akilini nilijua jambo moja tu, kwamba kibali changu kilikuwa sahihi, na kwa hiyo daraja ndilo lililokuwa bovu. Ndivyo nilivyoandika siku ileile kwenye taarifa, nikaituma mjini.

Kesho yake wanakijiji walishuka kusaidia kuopoa magunia, kwa makubaliano ya kupewa yaliyolowa. Yaliyobaki makavu, kama thelathini, yalipangwa ukingoni upande wetu na kufunikwa turubai, Maduhu akawa analala hapo kuyalinda. Nilikuwa nimesimama na daftari langu, mtu muhimu. Mume wa Mama Evaristi, mtu aliyebeba mawe ya kujengea nyumba yake mwenyewe, aliinamia gunia moja kavu, akaliinua mpaka magotini, akalirudisha chini. Akamwita mwenzake. Mama Evaristi akaniangalia, akasema kwa utani wake, "Mama Suzi, hili gunia lina mimba."

Watu wakacheka. Mimi nikaviangalia vile vilemba. Chama cha msingi cha pale kijijini kilikuwa na mizani ya kuning'iniza ya kupimia tumbaku, uso wake wa duara kama saa ya ukutani. Nikaomba tubebe magunia matatu, kwa udadisi tu, nikasema. La kwanza kilo mia na thelathini na sita. La pili mia na thelathini na nne. La tatu mia na thelathini na tano. Nikakaa kwenye ngazi ya ghala nikazidisha bila kalamu. Magunia mia mara kilo mia na thelathini na tano ni tani kumi na tatu na nusu. Ongeza sita. Nilikuwa nimepitisha tani kumi na tisa na nusu kwenye daraja la kumi na tano, kwa muhuri na risiti. Mnunuzi alilipa gunia, mimi nilitoza gunia, mkulima aliuza gunia. Katika biashara ile nzima, daraja peke yake ndilo lililopima kwa haki.

Nilirudi kwa Maduhu, nikamwuliza kama alijua. "Dada, wewe hukuniuliza uzito," alisema. "Uliniuliza idadi."

Nikalifunga daftari, nikarudi getini.

Taarifa yangu ya siku ya ajali ilikuwa imeshafika mjini, na kutoka mjini imeshafika mkoani. Na huko watu walifanya hesabu yao. Daraja lilijengwa kubeba tani kumi na tano, likiwa na akiba ya kufika hata kumi na nane. Lori kwa kibali lilikuwa na kumi na sita. Daraja likikatika kwa kumi na sita, basi ama mbao zilikuwa mbovu, ama fundi alilipua kazi na kuuza boriti nzuri kwingine. Ikaundwa tume ya watu watatu kuja kumhoji Mzee Sikazwe. Alibakiza mwaka mmoja na miezi kadhaa kustaafu. Injinia aliniambia wazi, akiwa amesimama kama kawaida yake, kwamba mzee akipatikana na kosa anafukuzwa, na kiinua mgongo asahau. Miaka thelathini na moja ya madaraja ingeisha kwenye kijito cha Msebele, kwa sababu ya vilemba vya magunia.

Nisiwadanganye kwamba niliamua papo hapo. Nilikuwa bado kwenye muda wa majaribio. Kosa la nusu tani mtu anaweza kueleza, lakini tani tatu na nusu? Nani angeamini kwamba karani alipitisha hayo bure, bila kupewa chochote? Hata mimi nisingemwamini. Mama yangu alikuwa analisha Suzi kwa mshahara huohuo nilioahidi kutoutaja. Kwa siku sita nilikula kwa Mama Evaristi nikiangalia chini. Mvua ikazidi. Kijito kikajaa, watu wakafunga kamba kutoka mti mpaka mti wavuke wakijishika. Siku ya nne nilimwona mzee mmoja mgonjwa akivushwa kwenye machela, wanaume wanne, maji mpaka vifuani, na mkewe nyuma akishika kandambili za mumewe juu ya kichwa zisilowe. Walifika ng'ambo salama. Nilirudi kibandani nikalia, na sikulia kwa ajili yao tu.

Siku ya saba Mzee Sikazwe alikuja na kikosi chake, wakapiga kambi ng'ambo ile wakianza kusafisha msingi, maana tume au si tume daraja lilipaswa kusimama. Nilivuka kwa kamba, gauni limelowa, nikamkuta amekaa juu ya mfuko wa saruji akinoa tezo lake la kuchongea mbao. Nikamwambia yote. Magunia, mizani ya chama, taarifa yangu. Aliendelea kunoa. Nilitegemea ataniambia usijali mwanangu, kama wazee wanavyosema. Hakusema. Alikasirika kuliko mtu yeyote aliyewahi kunikasirikia, na hakupandisha sauti hata kidogo.

"Ulihesabu masikio ya magunia," alisema. "Matumbo hukuyahesabu." Kisha akaniuliza kama nimemaliza, nikasema nimemaliza, akaniambia nivuke nirudi kabla maji hayajapanda. Siku zilizofuata alipitisha macho juu yangu kama mtu anayeangalia kichaka. Kama angenisamehe siku ile, pengine ningeona nimeshatubu inatosha, nikanyamaza mbele ya tume. Hasira yake ndiyo iliyonisukuma.

Tume ilifika Alhamisi. Mwenyekiti wake alikuwa bwana mnene wa makamo mwenye viatu vya kung'aa, na viatu hivyo vilimfanya akatae kuvuka kwa kamba. Mume wa Mama Evaristi akambeba mgongoni, wenzake wawili wakavua vyao wakafuata. Wakakaa upande wetu, chini ya turubai, jirani na magunia ya Maduhu. Mzee Sikazwe akaulizwa mbao alizitoa wapi, nani alishuhudia, kwa nini boriti ya kati imekatika. Alijibu kila swali kwa kifupi. La mwisho alisema, "Mbao ile ilikuwa nzima." Hakuniangalia. Hakusema hata neno moja la kunitaja, na alikuwa anajua kila kitu.

Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Nilikuwa nimewaomba vijana wa chama mizani yao, ikaning'inizwa kwenye tawi. Nikaomba ruhusa ya kupima gunia moja mbele ya tume. Likapandishwa, mshale ukasimama kwenye mia na thelathini na sita. Mwenyekiti akasema mizani ya kijijini haina uhakika. Nilishajiandaa kwa hilo. Nilimwomba fundi mmoja wa kikosi avushe mfuko wa saruji, ambao kila mtu anajua ni kilo hamsini. Ukapandishwa, mshale ukasimama hamsini. Ukashushwa, likapandishwa gunia la pili, la tatu, la nne. Mjumbe mmoja akatoa kalamu akaanza kuzidisha, na nikaona midomo yake inasimama palepale yangu iliposimama kwenye ngazi ya ghala.

Mwenyekiti aliondoa miwani. Aliniuliza swali nililolitegemea siku zote zile. "Ulipewa shilingi ngapi?"

"Nilipewa ada ya tani moja, na nakala ya risiti hii hapa," nilisema. "Niliona vilemba, nikahesabu gunia kama gunia. Taarifa niliyotuma ni ya uongo, ingawa wakati naiandika sikujua. Kosa ni langu, si la mbao."

Hawakuniamini mara moja. Walimwita Maduhu. Nilidhani atajiokoa, kwa sababu bosi wake asingependa lumbesa zitajwe mbele ya serikali. Maduhu alisimama, akakunja kofia mkononi, akasema dada hakupewa kitu na hakuomba kitu, na kwamba malori yote ya msimu ule yalipita hivyohivyo, hili lilikuwa la bahati mbaya tu. Mwenyekiti akaagiza daftari langu lote liletwe, vibali vya miezi minne. Vyote vilikuwa na hesabu safi, na vyote vilikuwa vya uongo. Nawaambieni wanangu, hakuna aibu kama ya kuona makosa yako yote yamepangwa kwa mwandiko mzuri.

Mzee Sikazwe hakuguswa. Bosi wa Maduhu alitozwa tani zilizobaki na gharama za daraja, akabisha mahakamani, hayo ni ya wengine. Mimi nilipewa barua ya onyo na nikaondolewa getini. Adhabu yangu, injinia alisema, ni kuwa mtunza vifaa wa kikosi cha Msebele mpaka daraja litakaposimama. Nadhani aliitoa kwa huruma akijifanya ni ukali. Ila hakujua kwamba mkuu wa kikosi hazungumzi nami.

Miezi ile ndiyo shule yangu. Nilihesabu misumari, bolti, makopo ya lami. Ada ya tani moja niliyomtoza Maduhu, nilipoipiga hesabu, haikutosha kununua bolti kumi. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho wengi mpaka leo hawakielewi, hata walioko maofisini. Mwenye lori akishalipa ada anadhani amenunua haki ya kuvunja. Ada haipunguzi hata kilo moja. Ada ni mkopo ambao barabara inatoa bila kuulizwa, na atakayeulipa ni mama wa Mwese anayenunua chumvi kwa bei ya nyama mvua zikikata njia. Mkigonga muhuri, mfikirieni huyo, msifikirie kitabu cha mapato.

Mzee Sikazwe alianza kuzungumza nami kupitia vifaa. Lete tezo, sio hilo, lile lingine. Kisha akaanza kuniita chini ya daraja kushika taa ya chemli, halafu kushika nyundo. Alinifundisha kugonga. Nilikosea mara nyingi, nikisema boriti inalia kumbe inakohoa. Alinifundisha kuangalia nyufa zinazofuata nyuzi za mti, ambazo si hatari, na zile zinazokatiza, ambazo zikionekana mtu hafai kwenda kula kwanza. Kuhusu gunia hakutamka tena neno. Nami sikuthubutu.

Kiangazi kilipoingia, daraja lilisimama, boriti mpya tatu za mninga, na mkoani wakatuletea vibati viwili vya kupimia, vya mitumba lakini vinafanya kazi. Nikarudishwa getini. Asubuhi ya kufungua, lori la kwanza kuja lilikuwa lilelile la Maduhu, na juu yake magunia bila vilemba, maana bosi wake sasa alikuwa na adabu ya muda. Nilipima gurudumu kwa gurudumu, nikarudia, nikaandika. Nikapanda pamoja nao mpaka darajani nikiwa na kibali mkononi.

Kikosi kizima kilikuwa kimepanga ukingoni, na wanakijiji nyuma yao, Mama Evaristi amevaa kitenge cha kanisani. Mzee Sikazwe alinyoosha mkono, nikampa kibali. Akakisoma toka juu mpaka kwenye muhuri.

"Umehesabu au umepima?"

"Nimepima, mzee. Tani kumi na nne na nusu."

Akanirudishia. Akavua koti, akalitundika kwenye reli ya daraja, akateremka ukingoni mpaka chini, akaenda kusimama katikati ya kijito, chini kabisa ya boriti ya kati. Sikuwa naijua desturi hiyo. Fundi mmoja akaninong'oneza kwamba lori la kwanza likipita, aliyejenga anasimama chini, ndivyo walivyofundishwa na waliowatangulia, ili asiwepo fundi wa kujenga asichokiamini. Nikaangalia karatasi iliyokuwa mkononi mwangu, na jina langu chini yake.

Nikavua viatu nikateremka. Maji yalikuwa ya magoti tu. Aliponiona akaniambia hapa si mahali pangu, anayesimama ni aliyejenga. Nikamwambia, mzee, na aliyesaini je? Akanitazama jicho kwa jicho, mara ya kwanza tangu siku ya tezo. Halafu akasogea hatua moja pembeni, akanipa nafasi.

Akapiga mluzi. Maduhu akaingia darajani taratibu. Mbao zikalia, moja baada ya nyingine, zikija kwetu, zikafika juu ya vichwa vyetu, na mimi nilifumba macho lakini masikio niliyaacha wazi kama alivyonifundisha. Hakuna iliyokohoa. Vumbi jekundu likatumwagikia, kisha mlio ukaenda ng'ambo, na watu huko juu wakaanza kupiga vigelegele.

Mzee Sikazwe alivua kofia yake akanikung'uta vumbi begani. "Panda juu, mwanangu," alisema. "La pili linasubiri kupimwa."